MIMIC-IV kwa mwanafunzi wa udaktari Dar: uzoefu wangu

Nimeitumia MIMIC-IV, hifadhidata ya kumbukumbu za wagonjwa wa hospitali, nikiwa Upanga, kwa laptopu ya RAM GB 8 na bando la simu. Kwa mwanafunzi wa udaktari anayetaka kuonja utafiti wa infomatiki ya afya bila mfadhili, naipa nyota 4 kati ya 5. Data ni bure, ni za wagonjwa halisi waliolazwa Beth Israel Deaconess Medical Center, Boston, majina yameondolewa, na hutunzwa kwenye PhysioNet, tovuti ya kuhifadhi data za utafiti wa afya. Nyota moja naikata kwa sababu nitakayoitaja chini.

Kuingia kuna kizingiti. Unafungua akaunti, unafanya kozi ya maadili ya utafiti ya mtandaoni kwenye CITI, iitwayo "Data or Specimens Only Research", unatuma maombi, kisha unasaini mkataba wa matumizi. Kwenye CITI chagua "Massachusetts Institute of Technology Affiliates", si chuo chako. Ukimaliza kuna karatasi mbili: cheti, na ripoti yenye alama za kila moduli. Wengi hupakia cheti kwa kuwa ndicho kinachopendeza, maombi yakarudishwa. Kinachotakiwa ni ripoti. Mwanafunzi pia anataja msimamizi wake kama mdhamini, basi mpe taarifa mapema, maana asipofungua barua pepe maombi yako yanalala. Haya yaanze wiki kadhaa kabla ya likizo, si siku ya kwanza ya likizo. Wakati unasubiri, kuna toleo dogo la wagonjwa 100 lisilohitaji ruhusa. Linatosha kabisa kujifunzia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata.

Ukisharuhusiwa, usishushe kila kitu. Jedwali la chartevents, lenye vipimo vya kando ya kitanda cha ICU (wodi ya wagonjwa mahututi), peke yake lina mistari zaidi ya milioni 300, na Excel inakomea 1,048,576. Tumia BigQuery, huduma ya Google ya kuchambua data mtandaoni: unaunganisha Gmail yako na akaunti ya PhysioNet, kazi nzito inafanyika kwenye seva zao, bando lako linabeba jibu tu. Daraja la bure linakupa kusoma terabaiti 1 kwa mwezi bila kadi ya benki. Mtego ni kwamba unahesabiwa kwa safu wima ulizogusa, si kwa mistari uliyopata. Ukiandika SELECT * na LIMIT 10 ukidhani umebana matumizi, jedwali zima limeshasomwa. Taja unachotaka tu: subject_id, charttime, itemid, valuenum.

Kisha vipimo. Kreatinini ndani ya labevents, jedwali la majibu ya maabara, ni itemid (namba ya kipimo) 50912, kwa mg/dL. Kama maabara uliyoizoea inaandika µmol/L, zidisha kwa 88.4 kabla hujalinganisha. Glukosi inasumbua zaidi kwa sababu imegawanyika: 50931 ni ya kemia, 50809 ni ya gesi za damu. Ukichukua moja tu, wagonjwa mahututi wanaopimwa gesi mara kwa mara watapungua vipimo, na hutajua. Gawa kwa 18 kupata mmol/L.

Tarehe nazo zitakushtua: mgonjwa amelazwa mwaka 2180. Zimesogezwa makusudi kulinda siri. Muda kati ya tukio na tukio la mgonjwa mmoja ni sahihi, ila huwezi kusema fulani alitangulia fulani. Kwa kipindi halisi tumia safu wima ya anchor_year_group, inayotaja kundi la miaka. Waliozidi miaka 89 wote wameandikwa 91, kwa hiyo grafu ya umri ikichomoza ghafla pale mwishoni, usianze kuitafutia nadharia.

Sasa ile nyota niliyokata. Hawa ni wagonjwa wa Boston. Malaria utaitafuta kwa tochi, na modeli iliyofundishwa kwa ICU yao haijathibitishwa kwa mtu yeyote wa Mwananyamala. Kwa maswali ya kwetu kuna DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ndiyo inayobeba takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya wa Tanzania. Kozi yake ya awali mtandaoni ni bure, nayo ifanye. Lakini pale utapata jumla za mwezi. Kwenye ripoti ya wagonjwa wa nje, miaka 5 hadi chini ya 60 ni kundi moja, mtoto wa darasa la kwanza na babu mtarajiwa wamo humohumo. Huwezi kumfuata mgonjwa mmoja tangu mapokezi hadi anaruhusiwa, wakati MIMIC inakuruhusu. Ukitaka mafaili ya wagonjwa wa hapa, kuna kibali cha maadili na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na likizo moja haitoshi.

La mwisho ni flashi. Mkataba ni wa mtu mmoja mmoja. Mkiwa kundi la wanne, wote wanne waombe. Kumpa mwenzako faili kwenye flashi ni kuuvunja, na kubandika mistari ya wagonjwa kwenye programu ya akili mnemba ya mtandaoni ili ikuandikie uchambuzi ni vilevile. Bandika msimbo wako na majina ya safu wima, mistari ibaki ulikoikuta.