Google Flights inaifaa familia ya watu watano?

Nauli za ndege zimepanda na sababu zake hazijifichi. Viwanda vya ndege vimezidiwa na oda. Boeing iliwekewa kikomo cha kuunda ndege 38 za 737 MAX kwa mwezi baada ya kipande cha ubavu wa ndege ya Alaska Airlines kuchomoka angani Januari 2024. Kwa upande wa Airbus, mamia ya ndege zenye injini za Pratt & Whitney zimelazimika kuegeshwa kwa zamu tangu 2023 ili injini zikaguliwe. Wakati huohuo abiria hawakupungua: IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, kilipofunga hesabu za 2024, viti vilijaa kwa wastani wa asilimia 83.5, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa mwaka wowote wa nyuma. Shirika ambalo ndege zake zinaruka karibu zimejaa halina sababu ya kushusha bei wiki ya mwisho. Ile mbinu ya kusubiri viti vya dakika za mwisho imebaki kuwa ya msafiri wa begi moja asiyejali aondoke lini.

Google Flights ipo tangu Septemba 2011. Injini yake ya kutafutia nauli inatokana na ITA Software, kampuni ambayo Google iliinunua kwa dola milioni 700. Ni huduma ya bure, na yenyewe si duka la tiketi: inatafuta, inalinganisha, kisha inakukabidhi kwa shirika la ndege au kwa wakala. Msafiri wa peke yake hahitaji maelezo mengi kuihusu. Sisi tumeipima kwa jambo moja tu, yaani familia yenye watoto, tarehe zilizobanwa na likizo za shule, na mabegi ya kutosha.

Kabla ya kuandika mji unakokwenda, jaza abiria. Kuna sehemu nne: watu wazima, watoto wa miaka 2 hadi 11, mtoto mchanga mwenye kiti chake, na mtoto mchanga wa kupakatwa. Jumla isizidi watu 9. Ukishajaza, bei inayoonekana ni ya familia nzima, kodi na tozo za lazima zikiwemo. Huo ni ubora mkubwa, maana injini nyingi za aina hii hutanguliza bei ya mtu mmoja, na mzazi anashtuka akifika kwenye ukurasa wa malipo.

Wengi lakini hutafuta kwa mtu mmoja kwanza, kisha huzidisha mara tano. Hesabu hiyo mara nyingi haitoki sawa, na kosa si la kikokotoo. Viti vya daraja la uchumi haviuzwi kwa bei moja. Shirika huvigawa katika ngazi za nauli, kila ngazi na herufi yake, na kila ngazi hutengewa idadi fulani ya viti vya kuuza. Mfumo ukiombwa viti vitano kwa mkupuo, kwa kawaida hutafuta ngazi moja yenye viti vyote vitano. Kama ngazi ya chini imebakiwa na viti vitatu, mfumo haukupi hivyo vitatu kwa bei ya chini na viwili kwa bei ya juu. Unawapandisha wote watano.

Chukua mfano wa fedha yoyote. Ngazi ya chini ni 200 na imebaki na viti vitatu. Inayofuata ni 260. Ukitafuta watu watano kwa pamoja utaonyeshwa 1,300. Ukikata viti vitatu kwanza halafu viwili, utalipa 600 na 520, jumla 1,120. Tofauti ni 180 kwa ndege ileile, siku ileile na viti vya aina ileile.

Google Flights haikuambii kwamba hili limetokea, na kwetu hilo ndilo pengo lake kubwa kwa familia. Kuligundua ni kazi ya dakika chache. Tafuta kwa watu watano na ugawe jumla kwa tano. Punguza abiria mmoja, tafuta tena, gawa kwa nne, uendelee hivyo mpaka umfikie mmoja. Fanya jaribio hili kwa watu wazima pekee ili punguzo la watoto lisivuruge hesabu. Mahali ambapo bei ya kichwa inashuka ghafla ndipo ngazi ya chini inapoishia. Anayetaka kuona herufi zenyewe aende kwenye ITA Matrix, zana mama iliyobaki wazi kwa umma. Sura yake ni ya kizamani, na huwezi kununulia hapo, lakini inaonyesha herufi ya ngazi kwa kila kipande cha safari.

Kugawanya tiketi, hata hivyo, kuna gharama isiyoonekana kwenye skrini. Familia inakuwa na namba mbili za oda (booking), na kompyuta ya shirika inawaona kama makundi mawili yasiyojuana. Ratiba ikibadilishwa au ndege ikifutwa, baba na mtoto mmoja wanaweza kuhamishiwa ndege ya asubuhi, mama na wengine wakabaki na ya usiku. Shirika ukilipigia simu linaweza kuandika kwamba tiketi hizo zina uhusiano, ila maandishi hayo hayaizuii mashine kuwatenganisha. Mtoto naye asiwekwe kwenye tiketi isiyo na mtu mzima, kwa sababu mifumo mingi itaikataa au itamhesabu kama mtoto anayesafiri bila mlezi, na huduma hiyo ina malipo yake. Ushauri wetu ni huu: safari ya moja kwa moja na tofauti nzito, gawanya, kila upande uwe na mzazi. Safari ya kuunganisha ndege mbili au tatu, lipeni pamoja hata kama inauma. Kabla ya yote mawili, jaribu kusogeza tarehe siku moja, kwa kuwa huenda siku ya jirani bado ina viti vitano kwenye ngazi ya chini.

Na kusogeza tarehe ndiko huduma hii inakong'ara. Ukibofya tarehe, kalenda inafunguka ikiwa na bei chini ya kila siku, ya bei nafuu ikiwa na rangi ya kijani. Kuna jedwali linalokutanisha siku za kwenda na siku za kurudi, na grafu ya safari ya siku ulizochagua ikisogezwa mbele na nyuma. Kwa familia iliyobanwa na shule, jedwali ndilo la kutumia. Usiishie kuangalia Ijumaa shule inapofungwa na Jumapili kabla haijafunguliwa, siku ambazo kila mzazi anazililia. Angalia Jumanne inayofuata, na urudi siku tatu kabla ya umati. Takwimu ambazo Google yenyewe ilitoa 2022 kwa soko la Marekani zilionyesha kuwa kuruka Jumatatu hadi Jumatano kulikuwa nafuu kwa asilimia 12 kuliko wikendi, ilhali siku ya kununua tiketi haikuleta tofauti inayozidi asilimia 1.9. Asilimia hizo usizibebe kama zilivyo kwenda soko jingine, ila zinatosha kumpumzisha anayekesha Jumanne usiku akingoja bei ishuke.

Sanduku la miji nalo lina uwezo ambao wengi hawautumii: unaweza kuandika viwanja kadhaa vya kuondokea na vya kufikia kwa wakati mmoja. Kumbuka tu kujumlisha nauli ya gari kwa watu watano mpaka kwenye huo uwanja wa mbali. Akiba ya ndege huliwa na teksi haraka sana.

Sasa swali la lini ukate. Mashirika mengi makubwa hufungua ratiba kati ya siku 330 na 360 kabla ya safari. Bei za mwanzo huwa si za chini, maana shirika halijajua mahitaji yatakuwaje. Washa ufuatiliaji wa bei miezi minane hivi kabla ya likizo. Ni swichi moja juu ya matokeo, na arifa zitakuja kwa barua pepe. Washa kwa tarehe zako kamili, kisha kwa jozi nyingine moja au mbili za jirani, ili uwe na cha kulinganisha. Safari ya nje ya nchi wakati wa likizo kuu, nunua ikiwa imebaki miezi minne hadi sita. Safari ya ndani, miwili hadi minne. Nje ya msimu unaweza kusubiri zaidi. Mashirika ya bei nafuu yana utaratibu tofauti, kwani mengi hufungua ratiba kwa misimu na kuuza viti vya chini kwanza. Hapo familia ya tarehe za shule inunue wiki ratiba inapofunguliwa.

Usipitishe siku ya 21. Nauli nyingi za chini zina sharti la kununuliwa siku 21, 14 au 7 kabla ya kuruka, na ikifika usiku wa manane ngazi hiyo inafungwa hata kama viti bado vipo. Ndiyo maana bei iliyotulia mwezi mzima inaruka ghafla Alhamisi moja bila tangazo lolote.

Juu ya matokeo mara nyingi utaona kipimo kinachosema kama bei ya sasa ni ya chini, ya kawaida au ya juu. Kinasaidia, lakini kisomwe kwa akili. Kikisema bei iko chini, nunua. Kikisema iko juu katikati ya msimu wa likizo, hakijakuahidi kwamba itashuka. Dawa ni kujiwekea kikomo mapema: jumla ya familia ikigusa kiasi fulani, unanunua siku hiyo na unaacha kuchungulia.

Kuna mambo ambayo ukurasa wa matokeo hauyasemi vizuri. Mabegi ni la kwanza. Kichujio cha mizigo kipo na kitaongeza gharama ya begi pale ambapo shirika limetoa taarifa zake, lakini kilo na vipimo lazima uvisome kwenye tovuti ya shirika. La pili ni viti. Nauli ya chini kabisa mara nyingi haina haki ya kuchagua kiti, na ada ya kiti huhesabiwa kwa kila mtu na kwa kila ndege: watu watano, kwenda na kurudi kwa kuunganisha mara moja, ni malipo 20. Mara nyingine nauli ya ngazi ya pili yenye kiti na begi ndani yake inatoka nafuu kuliko hiyo ya chini ikishaongezwa kila kitu.

Kuhusu watoto, mashirika mengi ya huduma kamili huwapunguzia wa miaka 2 hadi 11 kwenye safari za kimataifa, robo hivi, lakini punguzo hukatwa kwenye nauli ya msingi pekee. Tozo ya mafuta hubaki palepale, na ndiyo maana punguzo linaonekana dogo kuliko ulivyotarajia. Mashirika ya bei nafuu humtoza mtoto sawa na mtu mzima. Wa kupakatwa hulipa karibu asilimia 10 ya nauli ya mkubwa kwenye safari nyingi za kimataifa, au ada maalumu kwa kila ndege, na mtu mzima mmoja hupakata mmoja tu. Angalia tarehe ya kuzaliwa: mtoto akitimiza miaka miwili mkiwa safarini, kurudi atahitaji kiti chake. Hilo likigundulika kaunta ya uwanja wa ndege, kiti kitanunuliwa kwa bei ya siku hiyo.

Bei ikibadilika baada ya kubofya, usidhani umepelelezwa. Baadhi ya bei kwenye orodha zimehifadhiwa kutoka utafutaji wa muda mfupi uliopita, na ngazi inaweza kuwa imekwisha kati ya hapo na pale. Kufungua dirisha la siri la kivinjari hakurudishi kiti kilichokwisha kuuzwa.

Ukifika kwenye orodha ya wauzaji, shirika lenyewe na mawakala watakaa pamoja, na wakala atakuwa chini kwa kiasi kidogo. Kwa familia hatupendekezi kumfuata kwa ajili ya hicho kidogo. Ndege ikifutwa, shirika litakurudisha kwa wakala, na wakala ana ada zake za kubadilisha kwa kila abiria. Ziogope pia safari zilizoandikwa kuwa ni tiketi tofauti zilizounganishwa: ya kwanza ikichelewa, ya pili haina wajibu wa kukusubiri wala kukupa nyingine, na mizigo utaichukua na kuikabidhi upya. Kwa watoto wadogo, tumia kichujio cha muda wa kuunganisha, na chochote chini ya saa moja na nusu kwenye uwanja mkubwa kiache.

Ukishalipa, kagua majina dhidi ya pasipoti siku hiyohiyo. Kwa safari za kuingia, kutoka au ndani ya Marekani, tiketi iliyonunuliwa moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya kuruka inaweza kufutwa ndani ya saa 24 bila faini, isipokuwa shirika hilo limechagua kukushikilia bei kwa saa 24 bila malipo badala yake. Kwingine soma masharti kabla ya kulipa. Ufuatiliaji wa bei nao usiuzime. Kama nauli yako inaruhusu kubadilishwa bila ada na bei ikashuka, mashirika mengi yatakukatia upya kwa bei mpya na kukupa tofauti kama salio la safari nyingine, lakini ni wewe wa kuomba.