Azam, Netflix, DStv, YouTube au fleshi ya kujaziwa: ulipie kipi?

Nyumbani kwetu Dar tuko watu wanne na kila mmoja ana chake. Binti yangu anataka katuni, kaka yake anataka filamu za mapigano, mama yao hakosi tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na mimi nataka Yanga na Arsenal. Ligi Kuu yetu na tamthilia ziko kwa Azam. Ligi ya Uingereza iko DStv. Katuni na filamu ziko Netflix, nyingine Prime Video. Ukikaa chini na kalamu ukajumlisha vifurushi vyote hivyo, halafu ukaongeza bando, unaelewa kwa nini foleni kwa kijana anayejaza muvi kwenye fleshi haiishi.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliyeko kwenye foleni hiyo. Simwoni kuwa ni mwizi. Namwona ni mteja aliyechoshwa.

Kuchoka kwake kuna historia. Netflix ilipofunguliwa Afrika Januari 2016, ilikuwa kama ghala moja kubwa: ukilipa ada moja, unakuta vingi vinavyozungumzwa. Kisha wenye studio wakaona kwa nini wamtajirishe mwingine, wakaanza kuondoa mali zao na kufungua maduka yao. Disney+ ilianza Novemba 2019, HBO Max Mei 2020, Peacock mwaka huohuo, Paramount+ mwaka 2021. Mtazamaji wa Marekani aliyekuwa na ankara moja akajikuta na nne au tano. Sisi tulipata hasara ya namna nyingine: vitu viliondoka ghalani, lakini duka jipya halikufunguliwa kwetu. Disney+ ilipofika Afrika mwaka 2022 ilifunguliwa Afrika Kusini na nchi za kaskazini kama Misri. Mtu wa Mbeya au Kisumu mwenye hela mkononi hakuwa na mahali pa kuilipa.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu za MUSO, kampuni ya London inayofuatilia uharamia wa mtandaoni. Ziara kwenye tovuti za wizi zilikuwa takriban bilioni 130 mwaka 2020, na kufikia mwaka 2024 zilikuwa bilioni 216. Gabe Newell, mkuu wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Valve, alilisema hili mapema, mwaka 2011: uharamia mara nyingi huletwa na huduma mbovu kuliko bei. Naamini alikuwa sahihi, ingawa kwetu bei nayo inauma.

Kabla ya kuchagua, piga hesabu ya bando kwanza. Watu husahau hapa, kisha wanalaumu huduma. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, picha ya ubora wa kawaida hula hadi GB 0.7 kwa saa, na picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa. Filamu ya saa mbili kwa HD ni GB 6. Kama unategemea bando la simu, filamu nne tu kwa mwezi zinaweza kukugharimu kuliko ada yenyewe. Kwa hiyo mwenye fiba nyumbani na mwenye bando la wiki hawawezi kununua kitu kimoja, na mpangilio wangu hapa chini unazingatia hilo.

Nafasi ya kwanza naipa namna ya kununua, kabla ya jina la kampuni yoyote: huduma moja ya filamu kwa mwezi, kwa zamu. Mwezi huu Netflix, mwezi ujao Prime Video, mwezi wa tatu mnapumzika. Huduma hizi zinalipiwa kwa mwezi na hazina mkataba. Ukilipa leo na kusitisha leoleo, bado utatazama mpaka mwezi wako uishe. Ukirudi baada ya miezi miwili utakuta vitu vipya vimerundikana, na unavimaliza kwa ada moja. Mimi hulipia kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa kwenye simu, na huweka humo kiasi cha mwezi mmoja tu. Mwezi ukiisha, kadi ikiwa tupu, hakuna anayeweza kukukata hela bila wewe kujua.

Kwa Netflix, mtu anayeishi peke yake na anayetazama kwenye simu achukue kile kifurushi cha simu. Kinaruhusu kifaa kimoja kwa wakati, simu au tableti, na picha yake ni ya 480p, ambayo kwenye kioo kidogo inatosha kabisa. Familia yenye runinga ikichukua hicho itajuta, maana hakitoki kwenye simu. Wao wanahitaji kile cha skrini mbili. Na wote wawili watumie kitufe cha kupakua: pakua mahali penye Wi-Fi, kazini au chuoni ikiwa mnaruhusiwa, utazame ukiwa kwenye daladala bila kutumia hata MB moja. Kitufe hicho kimeniokolea hela kuliko punguzo lolote.

Usilipe mwaka mzima mbele hata ukiahidiwa nini. Huduma hizi huja na kuondoka. Kwesé, runinga ya kulipia ya kampuni ya Econet, ilikuja kwa kishindo ikafunga mwaka 2019. Showmax, huduma ya filamu mtandaoni iliyoanza 2015, ilijengwa upya yote Februari 2024 kwa teknolojia ya Peacock, na waliokuwa wamezoea ile ya zamani ikabidi waanze kuizoea nyingine. Hata Netflix ilianzisha kifurushi cha bure kwa simu za Android nchini Kenya Septemba 2021, kisha ikakifuta tarehe 1 Novemba 2023. Hata bei hazikai. Netflix hiyohiyo ilishusha bei nchini Kenya mwanzoni mwa 2023. Ndiyo maana sikuandikii bei hapa. Iangalie siku unayolipa, na kama imeandikwa kwa dola, igeuze kwa shilingi kwa kiwango cha siku hiyo.

Nafasi ya pili, na kwa nyumba nyingi za Tanzania hii ingekuwa ya kwanza, ni kisimbuzi cha Azam. Kama burudani ya nyumbani kwenu ni Simba, Yanga, filamu za Kiswahili na tamthilia zilizotafsiriwa, huna haja ya kutafuta mbali. Haki za Ligi Kuu walizinunua mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mgawo wa fedha hizo unakwenda kwenye klabu. Nataka msomaji alitafakari hilo. Timu ndogo ya mkoani ambayo zamani ilikuwa ikichangisha nauli ya kusafiria sasa ina fungu linalotokana na runinga. Mtu anayeirusha mechi hiyo kwa kiungo cha wizi kwenye Telegram anachota kutoka mfuko huo, haibi kutoka kwa tajiri wa mbali. Uzuri mwingine ni kwamba dishi halili bando, na mvua ikipita picha inarudi. Kama huna pa kufunga dishi, wana programu ya simu, ila hapo tunarudi kwenye hesabu ya GB.

Nafasi ya tatu ni YouTube, na siiweki hapa kwa huruma. Wachekeshaji wetu, watengenezaji wa tamthilia fupi na waigizaji wengi wa Bongo Movie wana chaneli zao wenyewe, wanapandisha kazi zao bure na wanalipwa kwa matangazo. Angalia tu kama chaneli ni ya mwenye kazi. Filamu ndefu iliyopandishwa na mtu asiyejulikana, sauti imeharibiwa makusudi na picha imegeuzwa kushoto kwenda kulia ili isikamatwe, ni fleshi ileile kwa nguo nyingine.

DStv inakuja ya nne kwa sababu ya gharama, lakini kwa mpenzi wa Ligi ya Uingereza haikwepeki. Haki za eneo letu ziko kwa SuperSport, chaneli za michezo za DStv. Ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kulipia, uliza kituo cha huduma kwa wateja mechi za timu yako zitakuwa kwenye chaneli gani na chaneli hiyo imo kwenye kifurushi kipi. Watu wengi hulipia kifurushi cha chini, wakakuta mechi ya Jumapili iko juu yake. Lipa miezi ya msimu tu, Agosti hadi Mei, na Juni uache. Kampuni yenyewe inajua wateja wamechoka. MultiChoice, yenye DStv, kabla haijachukuliwa na Canal+ ya Ufaransa Septemba 2025, ilipoteza wateja milioni 1.2 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, na miongoni mwa sababu ilizotaja ni uharamia. Ningetamani waisome sababu hiyo kama malalamiko ya mteja pia. Kama unatazama mechi moja tu kwa wiki, kibanda umiza ambacho mwenyewe amelipia kifurushi cha biashara ni nafuu zaidi, na ushangiliaji wa pale kibandani hauupati sebuleni kwako.

Sasa nifike kwenye visivyofaa kununuliwa, maana huko ndiko nilikopoteza hela yangu.

Miaka michache iliyopita nilinunua kile kiboksi cha Android kinachosemwa kina chaneli zote za dunia. Kijana wa duka Kariakoo aliniambia, "Kaka, hii unalipa mara moja, unasahau." Nikalipa. Kwa wiki saba nilikuwa mfalme wa mtaa, majirani wakija na viti vyao. Siku ya Simba na Yanga, dakika ya kumi, kioo kikawa cheusi, na namba ya kijana haikupatikana tena. Kilichonitisha zaidi kilikuja baadaye: kwenye kiboksi nilikuwa nimeingiza barua pepe yangu na nywila, na wiki iliyofuata nikapokea taarifa kwamba mtu wa nchi nyingine anajaribu kufungua akaunti yangu. Ukikiona kiboksi cha namna hiyo, kumbuka kwamba unampa mtu usiyemjua mlango wa simu yako, ambayo ndani yake kuna hela yako.

Akaunti za Netflix zinazouzwa vipande kwenye magrupu ya WhatsApp ni za kundi hilohilo. Tangu 2023 kampuni inabana akaunti zinazotumiwa na nyumba tofauti, kwa hiyo anayekuuzia nafasi anakuuzia kitu kinachoweza kufungwa kesho. VPN, programu inayoficha uko nchi gani ili ikufikishe kwenye duka la nchi nyingine, nayo ina shida zake. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN nchini wajisajili, na huduma zenyewe huzizuia.

Fleshi naiweka mwisho, lakini naizungumzia kwa heshima. Wengi wetu tuliipenda sinema kupitia kanda zilizotafsiriwa na Lufufu, na Kenya wana DJ Afro wao. Wale hawakuuza bei rahisi tu. Walimpa bibi asiyejua Kiingereza filamu ya kumchekesha kwa lugha yake, jambo ambalo huduma nyingi kubwa bado hazimpi. Lakini mkono uleule unaojaza filamu ya Marekani unajaza pia ya msanii wa Sinza. Tuliona soko la DVD za Bongo Movie likifa, kazi ya wiki nzima ikirudufiwa usiku mmoja, na waliobaki wakakimbilia runinga kwa sababu runinga ndiyo iliyobaki kulipa. Basi, kama lazima utajaza fleshi kwa sababu kitu hicho hakiuzwi popote nchini, angalau cha Kitanzania usikijaze. Kina mahali pa kukilipia, na pengine kipo bure kwenye chaneli ya mwenyewe.

Kwetu mwezi huu tumelipia Azam, na Netflix ya skrini mbili ambayo nimeshaisitisha. Tarehe yake ya mwisho nimeiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni. Arsenal nakwenda kuwatazama kwa Mzee wa kibanda, mtaa wa pili, na mwanangu wa kiume ameniomba nimchukue.