Wali maharage wa mama ntilie kwa mwanafunzi anayetaka kupungua: 7 kati ya 10

Kati ya vyote vinavyouzwa kuzunguka vyuo vya Dar es Salaam, chakula kinachomfaa zaidi mwanafunzi anayetaka kupungua ni wali maharage wa mama ntilie, ila lazima ujue kuagiza.

Ukiacha mama apakue alivyozoea, unapata mlima wa wali, gramu 400 hivi. Hizo ni kilokalori 520 kabla hujahesabu mafuta, na juu yake upawa mmoja tu wa maharage. Geuza: "Mama, wali nusu, maharage pawa mbili, mchicha mwingi, mchuzi wa nyama usinimwagie." Atakuuliza kama unaumwa. Mwambie uko mzima. Wali gramu 200 na maharage gramu 250, pamoja na mboga na mafuta yake, ni kama kilokalori 650 hadi 700, na protini inakaribia gramu 25. Usidai kupunguziwa bei, dai maharage. Anayekata wali bila kuongeza kitu ndiye utakayemkuta saa nne usiku kwenye banda la chipsi.

Na zege, yaani chipsi mayai, ndiyo inayoharibu hesabu ya siku nzima. Chipsi zilishakaangwa zikapoa kwenye kabati la kioo. Ukiagiza, zinarudi kwenye kikaango chenye mafuta mengine, ndipo mayai mawili yanamiminwa juu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kilokalori 120, na mpishi hapimi kwa kijiko. Sahani moja inaweza kufika 900, bado soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vidogo kama tisa. Ukibanwa, chukua mishkaki miwili, kachumbari ya kutosha, chipsi kavu nusu, na maji.

Ugali dagaa nao ni mzuri: dona kuliko sembe, kwa kuwa pumba zake zinakushibisha muda mrefu, na dagaa wa mchuzi kuliko wa kukaangwa. Asubuhi, yai la kuchemsha na kipande cha muhogo wa kuchemsha vinazishinda chapati mbili.

Chai za kupunguza tumbo zinazopitishwa hosteli tunazipa sifuri. Nyingi zina majani ya sena, ambayo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza chooni ni maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na moyo unaihitaji hiyo. Mzani unashuka Jumatatu, Alhamisi umerudi pale pale.

Lengo la kweli ni nusu kilo kwa wiki, isizidi kilo moja. Ukipunguza kilokalori 500 hivi kwa siku unalifikia bila kulala njaa. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya choo, kwa mzani ule ule; maji peke yake yanaweza kuuchezesha kilo moja au mbili. Mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito, au ambaye tayari ni mwembamba aanzie zahanati ya chuo.

Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, nalo lina mchango wake: likiingia ni zege kila usiku, likikata ni kuruka milo, kisha kulipiza. Likiingia tu, mlipe mama chakula cha mchana cha wiki mbili mbele, akuandike daftarini.

Alama tatu tulizokata: upawa haufanani leo na kesho, hasa foleni ikiwa ndefu, mafuta ya maharage huyaoni mpaka yaelee juu ya sahani, na ikifika saa nane mchana mchicha umekwisha, sufuriani umebaki wali na ukoko. Ratiba yako ikiwa na kipindi cha saa saba, pita saa sita, ukabebe chakula chako kwenye hotpoti.