Chujio la maji: lipi la kununua kwa mkazi wa Tanga

Kabla hujaanza kuzunguka maduka ya Ngamiani, jua kwanza maji yako yanatoka wapi. Ya bomba yanatoka Mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani na kutibiwa ndipo yanakufikia. Taabu yake ni tope la masika na uchafu unaoingia njiani, au ndani ya simtanki ambalo halijaoshwa tangu linunuliwe. Mwenye kisima kilicho karibu na bahari taabu yake ni chumvi. Wawili hawa hawanunui chujio moja, na muuzaji hana haraka ya kuwaambia.

Kwa mwenye bomba, la kwanza ni chujio la mishumaa ya kauri: vyombo viwili, maji yanamiminwa cha juu, yanapenya kwenye mshumaa na kudondokea cha chini chenye koki. Halitaki umeme wala presha. Mshumaa mzuri una vitundu visivyofika nusu mikroni (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo bakteria na amiba hukwama. Virusi hupita, kwa hiyo ya mtoto mchanga au mgonjwa yachemshe hata baada ya kuchuja. Ni la polepole, lijaze usiku. Masika acha maji yatuame kwenye ndoo kwanza, la sivyo utasugua mshumaa kila siku. Uusugue kwa brashi laini na maji matupu, sabuni usiiguse. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, tupa. Gundi haisaidii.

Kwa mwenye kisima cha chumvi, la kwanza ni mashine ya RO, inayosukuma maji kwa presha yapenye utando unaozuia chumvi, na la pili halipo. Kauri haitoi chumvi, na kuchemsha ndiko kunaizidisha, maana maji hupungua chumvi ikabaki. Lakini pima TDS, yaani kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kabla ya kununua: mashine nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa maji yasiyozidi miligramu 2,000 kwa lita. Inataka umeme na presha, na kila lita ya kunywa huacha lita mbili tatu za kumwaga. Hizo dekia, mwagia chooni. Anayetumia bomba akiuziwa RO amebebeshwa gharama isiyo yake.

Nyuma ya hayo mawili naiweka taa ya UV, inayoua vijidudu kwa mwanga. Inaua hata virusi, ila maji yawe maangavu na umeme uwepo.

Ya mwisho ni vichujio vidogo vya mkaa vinavyofungwa kwenye koki. Vinapendeza, bei rahisi, harufu ya klorini inaondoka. Ndiyo hiyo klorini iliyokuwa inazuia vijidudu! Ukiona kwenye boksi NSF 42 peke yake (NSF ni shirika la Marekani la viwango), hiyo ni alama ya ladha na harufu. Ya mambo ya afya ni 53.

Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe mshumaa wa akiba, uushike mkononi. Akisema unaagizwa Dar, ingia duka la pili.