Bunduki ya sumaku na leza ya kivita: ipi inastahili hela yake?

Habari zenu wadau, karibuni tena mezani. Leo kamera ianzie hapa chini kabla sijaanza maneno. Mnaona vipande viwili vya foili, hii hii ya kufungia chakula. Nimevibandika sambamba kwenye ubao, kama reli za treni. Huku mwisho kuna betri mbili za tochi, zile nene. Na hiki ni kigari changu: msumari, na magurudumu yake ni sumaku mbili za duara. Nakiweka juu ya foili... umekiona? Kimekimbia chenyewe. Hakina injini, hakina baruti, wala sijakisukuma. (Asubuhi niligeuza sumaku moja vibaya, kikawa kinatetemeka tu pale pale kama kuku aliyenyeshewa. Nilitaka kuahirisha video.)

Sasa sogeza kamera karibu kabisa, hapa kwenye foili. Hivi vidoa vyeusi havikuwepo nilipoanza. Vikumbukeni, maana vidoa vya namna hii vilichangia kuzika mradi mkubwa wa jeshi la wanamaji la Marekani.

Tuanze na hiyo bunduki ya sumaku, ile inayoitwa bunduki ya reli. Umeme unaingia kwa reli moja, unavuka kupitia kipande cha chuma kilicho nyuma ya risasi, unarudi kwa reli ya pili. Popote umeme unapopita, sumaku inazaliwa kuuzunguka. Katikati ya reli, sumaku za pande mbili zinajumlishana na kukisukuma kile kipande mbele, pamoja na risasi yake. Mimi hapa nimekopa nguvu ya sumaku za magurudumu. Wao hawakopi, kwa sababu mkondo wao peke yake unatosha: ampea milioni kadhaa. Jiko la umeme la nyumbani kwako linakula kama ampea 10. Na ukiongeza mkondo mara mbili, msukumo unapanda mara nne, ndiyo maana wanang'ang'ania ampea.

Jenereta ya kawaida haitoi mkondo huo moja kwa moja. Kinachotumika ni kapasita, yaani vifaa vya kutunza umeme, chumba kizima cha kapasita. Ni kama pipa unalokinga maji ya bomba yanayodondoka usiku kucha, halafu asubuhi unalipindua lote kwa mkupuo.

Tarehe 10 Desemba 2010, pale Dahlgren, Virginia, Wamarekani walifyatua risasi yenye nishati ya megajuli 33. Megajuli moja ni kama gari la tani moja linalokwenda kilomita 160 kwa saa. Kwa hiyo wewe fikiria magari 33 ya namna hiyo yamekugonga kwa pamoja, mahali penye upana wa sahani. Na risasi yenyewe haina mlipuko ndani, ni chuma kitupu. Kasi peke yake ndiyo silaha. Kwenye video zao unaona moto mkubwa mdomoni na unajiuliza, si walisema haina baruti? Haina. Ule ni mchomo wa umeme na chuma kilichoyeyuka kwenye reli, yaani vidoa vyangu vya foili, ila vyao vina ukubwa wa jeshi.

Na hapo ndipo bidhaa hii inaponiudhi. Mradi ulianza mwaka 2005, ukasitishwa 2021. Kutoa mshindo mmoja wa kutisha waliweza mapema tu. Walichotaka ni mishindo 10 kwa dakika, dakika baada ya dakika, na mtutu ubaki mtutu. Risasi inakwangua reli, umeme unazichoma, na juu ya hayo reli zenyewe zinasukumana kana kwamba zinataka kuachana. Kila ukifyatua, unaila bunduki yako.

Wajapani walilitazama tatizo hilo kwa macho ya fundi. Wao hawakukimbilia ukubwa. Risasi yao ina gramu kama 320, inatoka kwa zaidi ya mita 2,000 kwa sekunde, na kitu walichojivunia kuliko vyote ni kwamba mtutu ulivumilia mishindo 120. Oktoba 2023 wakatangaza wameifyatua kutoka melini, baharini. Piga hesabu: hiyo risasi ndogo haifiki hata megajuli moja. Lakini bunduki ya mishindo 120 mimi ningeinunua kabla ya ile ya magari 33.

Kabla hamjaniuliza, ndiyo, ipo ya kubeba begani. Kampuni ya Marekani iitwayo Arcflash Labs ilitoa GR-1 mwaka 2021. Hiyo ni ya koili, si ya reli: koili, yaani waya uliozungushwa duara duara, zimepangwa kwa mstari, kila moja inaivuta risasi ya chuma kisha inazimika kabla haijairudisha nyuma. Sijaishika, nasema kwa takwimu zake tu. Uzito kama kilo 9, bei zaidi ya dola 3,000, na risasi haifiki mita 100 kwa sekunde. Bastola ya kawaida inapita 300. Ni mdoli wa tajiri, tuendelee.

Leza sasa. Futeni kwanza ile michirizi myekundu ya kwenye sinema, inayolia pyuu pyuu. Leza hizi hazina sauti, na mwanga wake jicho haliuoni. Unachoona ni droni inaruka vizuri, halafu sehemu moja inaanza kung'aa, inatoa moshi, bawa linakatika.

Ndani yake kuna nyuzi za kioo, ndugu wa zile za mkongo wa intaneti, zilizotiwa madini yanayokuza mwanga. Teknolojia hii unaijua. Karakana zinazokata mageti ya maua kwa leza zinatumia ukoo huo huo. Si mzaha: ile leza ya Marekani iliyowekwa kwenye meli USS Ponce mwaka 2014, ikapelekwa Ghuba, ilitengenezwa kwa leza sita za kuchomelea zilizoelekezwa mahali pamoja, jumla kilowati 30. Na walisema kila mshindo unagharimu chini ya dola moja. Waingereza na leza yao iitwayo DragonFire wanasema chini ya pauni 10, na kwamba inaweza kupiga sarafu iliyo umbali wa kilomita moja. Hapo ndipo wanunuzi wanapoamka, kwa sababu hapo Bahari ya Shamu meli zilikuwa zinaangusha droni za bei rahisi kwa makombora ya dola milioni mbili.

Lakini msinunue kwa bei ya mshindo. Leza haiui kwa kugusa. Inatakiwa ikae juu ya nukta ile ile kwa sekunde kadhaa, huku droni inakimbia na meli inayumba. Karibu theluthi mbili ya umeme unaoingia inageuka joto hapo hapo kwenye mashine, kwa hiyo mfumo wa kupooza ni mkubwa kuliko unavyodhania. Na hewa nayo ni adui. Mvuke, vumbi, ukungu, vyote vinakula mwanga. Hata hewa safi ikipashwa joto na mwali inaupanua mwali. Anayejua hali ya hewa ya Muscat mwezi wa saba anaelewa kwa nini kuipeleka Ghuba ulikuwa mtihani wa kweli.

Mtazamaji mmoja aliuliza, nikijifunika kwa kioo cha kujitazamia je? Kioo hakirudishi mwanga wote. Kidogo kinachobaki kinapasha joto, doa la vumbi linaungua kwanza, kioo kinapasuka, na baada ya hapo huna kioo. Unanunua sekunde chache tu.

Kwangu leza inachukua nafasi ya kwanza, ila kwa droni na vyombo vidogo, siku isiyo na mvua. Bunduki ya reli naiacha Japani waendelee nayo, nitarudi wakifika mishindo 1,000. Kigari nitakirudisha tena mwanzo kwa waliochelewa... aa, hakisogei. Betri zimepata moto, gusa uone. Ngoja niende dukani kuchukua nyingine.