Uzoefu wangu na ubao mama wa Z390: ovakloki iliyogoma baada ya kufuta mipangilio ya BIOS

Ubao wenyewe, wenye chipseti ya Z390 ya Intel, ni wa daraja la kati. Umebeba prosesa ya Intel Core i5-9600K, vijiti viwili vya RAM vya GB 8 kila kimoja aina ya DDR4-3200, na kipoozajoto cha maji chenye pampu. Kabla mipangilio ya BIOS, ile programu ya ubao inayotangulia Windows, haijafutwa, prosesa ilikuwa inakimbia GHz 4.9 kwenye kore zote sita kwa volti 1.30 na haikuwa na shida yoyote. Baada ya kufuta, ukiirudishia namba zilezile mbili, yaani kizidishi 49 (49 mara MHz 100 ni GHz 4.9) na volti 1.30, Windows inaganda, au mashine inajizima na kuwaka tena ikiwa na ujumbe kwamba ovakloki, yaani kasi iliyopandishwa juu ya ile ya kiwandani, imeshindikana.

Ukiona hivyo usidhani prosesa imechoka. Kizidishi na volti ni sehemu tu ya kazi. Kinachoishikilia ovakloki ni mipangilio mingine ambayo ikifutwa hurudi kwenye "Auto" kimyakimya, na ubao haukwambii ni ipi.

Wa kwanza kushukiwa ni LLC (Load-Line Calibration). Prosesa ikipata mzigo huvuta umeme mwingi, na volti inayoifikia hushuka. LLC ndiyo inayoamua ishuke kwa kiasi gani. Kwenye ubao huu, LLC ikiwa "Auto", ile 1.30 niliyoiandika inasomeka 1.20 hivi kwenye HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, wakati Cinebench R23, programu ya kuipa prosesa mzigo, inafanya kazi. Chipu yangu haiwezi kusimama kwenye GHz 4.9 kwa volti hiyo. Nikiweka LLC kiwango cha kati, inabaki 1.26 chini ya mzigo na inatulia. Kwa hiyo usiangalie volti uliyoandika kwenye BIOS. Angalia ile inayosomeka wakati kore zote zinafanya kazi, maana ndiyo inayoifikia prosesa.

Wengine hukimbilia kiwango cha juu kabisa cha LLC ili volti isishuke hata kidogo. Sishauri. Mzigo ukiachiwa ghafla, volti huruka juu ya uliyoandika kwa muda mfupi mno, na mruko huo programu ya kupima haiwezi kuuona, lakini prosesa inaupokea. Halafu kuna hili la namba: kwenye bao za baadhi ya watengenezaji kiwango cha 1 ndicho chenye nguvu zaidi, kwingine ndicho dhaifu kuliko vyote. Ubao wangu unaonyesha namba tupu bila mchoro wowote, na hilo ni kosa kubwa la muundo wa BIOS yake. Njia ya uhakika ni kubadilisha kiwango kimoja, kuweka mzigo, na kusoma volti inaelekea wapi.

Wa pili ni RAM. Kufuta mipangilio huzima XMP, mpangilio uliohifadhiwa kwenye vijiti unaovipa kasi yao iliyotangazwa, na vijiti vya 3200 vinarudi kwenye kasi ya kawaida, 2133 au 2666 kutegemea vijiti. Watu wengi huwasha XMP na kuandika kizidishi kwa mkupuo mmoja, kisha mashine ikigoma hawajui nani aliyegoma. i5-9600K rasmi inakubali DDR4-2666, maana yake 3200 nayo ni ovakloki, ila ya sehemu ya prosesa inayosimamia RAM. Sehemu hiyo ina volti zake, VCCIO na VCCSA. Kwa vijiti viwili vya 3200 mimi huziandika kwa mkono, VCCIO 1.10 na VCCSA 1.15, na RAM yenyewe 1.35. Nikiziachia ubao, zinapanda kuliko inavyohitajika na kuongeza joto bure.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Anza na mashine ikiwa ya kawaida kabisa, bila XMP wala kizidishi, uhakikishe inawaka na kutulia. Washa XMP peke yake, kisha endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, hadi imalize mizunguko yote minne. Kosa moja tu linatosha kuikataa. Baada ya hapo zima nyongeza ya kasi ya kore zote inayojiwasha yenyewe, ambayo bao nyingi za Z390 huiacha kwenye "Auto", ili usipambane na mipango miwili kwa pamoja. Weka kizidishi 47, volti 1.25, LLC ya kati. Cinebench R23 ikimaliza dakika 10 bila tatizo, panda hadi 48, halafu 49, ukiongeza volti kwa 0.01 au 0.02 pale tu inapohitajika. Joto likizidi nyuzi 85 wakati wa Cinebench, mimi husimama hapo, ingawa chipu hii huanza kujipunguzia kasi ikifika nyuzi 100.

Skrini ya bluu nayo ina lugha yake. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR na CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT mara nyingi ni volti ya kore kuwa ndogo. MEMORY_MANAGEMENT hunipeleka kwenye RAM kwanza. Na hata kama mashine haigandi, fungua Event Viewer, kumbukumbu za matukio ya Windows, utafute WHEA-Logger namba 19: hilo ni kosa ambalo prosesa imelisahihisha yenyewe. Likiwa linajirudia, ovakloki hiyo bado haijaiva. Mara nyingi volti 0.02 zaidi hulimaliza.

Kuna hali inayofanana na ovakloki iliyoshindikana, kumbe siyo. Kasi inaanza 4.9, sekunde kadhaa baadaye inashuka, bila kuganda wala ujumbe. Huo ni ukomo wa umeme. i5-9600K imepangiwa wati 95, na BIOS ikirudi kwenye ukomo wa Intel, prosesa itabanwa hapo. HWiNFO huonyesha wazi kwamba ukomo wa umeme umefikiwa. Ongeza PL1 na PL2, yaani ukomo wa umeme wa muda mrefu na wa muda mfupi, hadi wati 150, mradi kipoozajoto chako kinamudu.

Pampu ndiyo iliyonishangaza zaidi. Ikiwa imechomekwa kwenye soketi ya feni ya kawaida, mipangilio ikifutwa inarudi kuendeshwa kulingana na joto, kwa hiyo inazunguka polepole mashine inapowaka. Joto linaruka kabla pampu haijaamka. Ihamishie kwenye soketi ya pampu, au iwekee asilimia 100 muda wote.

Kuhusu kufuta kwenyewe: zima swichi ya pawa saplai, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha gusisha pini mbili za kufutia kwa bisibisi sekunde 10. Ukiwasha, skrini inaweza kubaki nyeusi kwa muda kwa sababu ubao unajifunza RAM upya. Usiizime kwa nguvu. Ubao huu huhesabu uwashaji uliokatizwa kama ovakloki iliyoshindikana, na utaletewa ujumbe uleule hata kama hujaongeza chochote. Saa na tarehe zikipotea kila unapochomoa waya, pima betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao. Ikisoma chini ya volti 2.8, badilisha.

Kabla ya kuingia Windows kagua pia hali ya SATA (namna diski zinavyosomwa), CSM (uwashaji wa mtindo wa zamani) na TPM (sehemu ya usalama inayotunza funguo). SATA ikitoka RAID kwenda AHCI utapata INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, na TPM ikizimwa BitLocker, ulinzi wa diski wa Windows, itadai ufunguo wa kurejesha. Haya hayana uhusiano na ovakloki, lakini huonekana kama ndiyo yaliyoiharibu.

Kwa upande wa umeme ubao huu sina neno nao: unaishikilia 4.9 chini ya mzigo mzito bila kutetereka. Lakini ujumbe wake wa kushindwa hausemi kama ni kore au RAM, na profaili zilizohifadhiwa ndani hazikubaliki tena ukisasisha BIOS. Kwa hiyo kabla ya kusasisha au kufuta, chomeka flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, bonyeza F12 kwenye kila ukurasa wa BIOS, na picha zake zitakuonyesha LLC, VCCSA na PL2 zilikuwa ngapi.