Dishi la televisheni ya bure: nililojutia na lililobaki juu ya paa

Kama haja yako ni chaneli za Kenya, yaani Citizen, KTN, NTV na KBC, usinunue dishi. Neno hili lingalitoka kinywani mwa muuzaji siku ile, ningalirudi kwangu Kisauni, Mombasa, na elfu sita zangu mfukoni.

Yeye, katika duka moja la mjini, aliniapia chaneli mia tatu bila malipo ya mwezi. Nikabeba dishi la sentimita 90, LNB yake (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), risiva na waya mita ishirini. Mia tatu kweli zilikuja. Lakini risiva huhesabu kila inachokinasa, hata kilichofungwa, na zaidi ya nusu zilikuwa na alama ya kufuli. Ukibonyeza, giza. Zilizobaki zilikuwa za kuuza sufuria usiku kucha kwa lugha nisiyoijua. Ya Kenya hakuna hata moja.

Kisha masika yakaingia. Dishi dogo kama lile hutumia mawimbi ya Ku, na mvua nzito huyameza. Wingu likisimama tu upande wa bara, mke wangu anaanza kutafuta kitu kingine cha kufanya.

Za humu nchini nilizipata kwa njia ambayo ningeianzia. Tangu analogi izimwe 2015, chaneli hizo huja kidijitali kutoka minara ya nchi kavu. Antena ya mia tisa, bomba la futi kumi na tano, dekoda ya elfu mbili na mia tano, basi. Hakikisha boksi la dekoda limeandikwa T2, yaani kizazi cha pili cha mfumo huo wa kidijitali, maana za T1 hazisomi matangazo yetu. TV nyingi mpya zina T2 ndani kwa ndani, hivyo tazama nyuma ya yako kabla hujatoa pesa.

Hadithi ingeishia hapo kama si mamangu. "Mwanangu, hizo siasa zenu tazameni wenyewe. Mimi nataka Makka."

Fundi niliyeletewa na jirani hakuuliza nina pesa ngapi. Aliuliza, "Bwana, mama anataka kutazama nini?" Nilipomwambia, akacheka akitazama kile kidishi. Alichokitaka mama, akasema, kiko kwenye setelaiti ya Arabsat, digrii 20 mashariki kwenye ramani, ambako kwetu ni upande wa magharibi, kwa mawimbi ya C. Hayo yako kwenye gigahezi 4 hivi, wakati Ku ni 11 au 12, kwa hivyo mvua hayaiogopi sana. Ila yanataka bakuli kubwa. Tukanunua la futi sita.

Akanipa chaguo: bati zima au wavu. Nashukuru nilimsikiza nikachukua wavu. Setelaiti hizi zimesimama juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000, nasi Mombasa tuko digrii nne tu kusini yake. Dishi letu basi linaelekea magharibi lakini limeinuka digrii sitini na kitu, kama mtu anayekagua nazi mtini. Bakuli la bati likikaa hivyo na vitundu vyake vya kutolea maji vikizibwa na majani, umefuga mbu. Kusi nayo ikivuma hulisukuma bati kama tanga. Kwenye wavu inapita.

Kazi ya kufunga ilikwisha kabla ya adhuhuri, isipokuwa jambo moja. Kipimo kilikuwa kinacheza palepale chini, hata tugeuze vipi. Fundi akashuka, akakata kipande cha plastiki nyeupe, akakipachika kwa mshazari ndani ya koo la LNB. Kumbe setelaiti ile hutuma mawimbi ya kuzunguka, na LNB ya kawaida bila kipande hicho hupoteza nusu ya nguvu. Kipimo kikapanda. Mama akaiona Kaaba, akaniombea dua ndefu kiasi cha fundi kuitikia amina akiwa bado ngazini.

Jumla nililipa elfu kumi na nne na mia tano, pamoja na elfu mbili za ufundi. Si kidogo, lakini hakuna ujumbe wa kunidai kila mwisho wa mwezi.

Kasoro zipo. Chumvi ya bahari imekula skrubu za chuma kwa miezi minane. Nimebadilisha zote nikatia za stenlesi, na maungio ya waya nimeyapaka grisi na kuyazungushia tepu nyeusi. Na mwezi wa Machi, siku kadhaa mfululizo, saa nane mchana picha ilikatika dakika chache hali mbingu nyeupe. Nilimpigia fundi nikidhani LNB imekufa. "Jua limepita nyuma ya setelaiti," akanijibu. "Kanywe maji, urudi." Huwa hivyo Machi na Septemba.

Linalonisumbua sasa ni mnazi wa jirani. Umerefuka, na makuti yake yakipepea mbele ya dishi Makka inakatikakatika. Nimekwenda kumwona mzee. Amekubali makuti mawili yakatwe, ila madafu nisiyaguse.